Sauti ya Ekuam na Maksai wa Baba

S.L.P. 218,
Isiolo.
9 Mei 2024

Mpendwa Mjomba Ewesit,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Norwe, wewe na watoto, na kwamba baridi imewapungukia kidogo. Huku mvua imenyesha kuanzia Oldonyiro hadi hapa mjini, na goti la Mama limepoa. Mimi nilihitimu Desemba, shahada ya mawasiliano, daraja la kwanza, nami nimeomba kazi katika afisi za kaunti. Nasubiri jibu kwa matumaini.

Mjomba, habari ya Ekuam ni nzito, na ameniagiza nikueleze mimi mwenyewe. Ule uvimbe wa kooni ulikuwa saratani. Madaktari wa Nairobi waliondoa zoloto, mahali sauti inapotokea. Sasa ndugu yangu anapumua kupitia tundu shingoni, na hatasema tena. Ugonjwa umekwisha kushuka mapafuni. Wamemruhusu arudi nyumbani, nawe unaelewa maana ya ruhusa ya namna hiyo.

Najua utalikumbuka gitaa ulilomnunulia alipomaliza shule. Usijilaumu hata kidogo. Kwa gitaa lile aliunda bendi ya Kwato, wakapiga muziki wa panki, wa kasi na wa kupayuka, katika magereji na kumbi ndogo za Nairobi, mchana akichora mabango ya maduka ili apate kula. Walifika hata Kampala. Baadaye alipunguza kasi, akatunga roki ya taratibu zaidi, na vijana wengi wakaanza kumfahamu. Hakupata utajiri. Alipata watu waliojua nyimbo zake kwa moyo.

Kilichomtenga na Baba, kama ulivyosikia, ni wimbo wa "Lokori". Baba alikuwa kwenye bucha ya Wario, redio ikiwa juu, akasikia jina la maksai wake mpendwa likipayukwa na mwanawe mwenyewe. Unajua kwetu mwanamume humwimbia maksai wake, si wa mwenziwe. Baba aliondoka bila nyama, akisema Ekuam amemwibia ng'ombe kwa mdomo. Tangu siku ile hawakusalimiana.

Aliporudi mwezi uliopita, tatizo likawa kubwa kuliko ugomvi: Ekuam hawezi kusema, na Baba hajui kusoma. Ekuam akawa anaandika kwenye simu, nami namsomea Baba.

Siku ya kwanza Baba aliketi akiutazama mlango. "Mwambie anyamaze na hayo maandishi yake."

"Baba, kunyamaza amekwisha kunyamaza," nilimjibu, na nikajuta papo hapo. Ekuam ndiye aliyecheka, mabega yakitikisika bila sauti.

Kisha akaandika kwa muda mrefu. Aliandika kwamba Lokori aliuzwa ili yeye aingie kidato cha kwanza, na kwamba yeye ndiye aliyeshika kamba hadi soko la mifugo. Mnunuzi alipomvuta, Lokori aligeuka akamtazama Ekuam, akalia. Wimbo ule ulikuwa wa kumwomba msamaha. Hakutaka kumtwaa kutoka kwa Baba.

Nilisoma hadi mwisho kwa shida. Baba aliuliza, "Sasa kwa nini apige kelele hivyo?"

Ekuam akaandika: "Ndivyo alivyolia."

Baba akasema, "Ni kweli. Yule maksai alikuwa na sauti mbaya sana." Akaomba asikie.

Niliweka wimbo. Sauti ya Ekuam ilipoingia, ile ya zamani, Mama alitoka nje akilia. Baba alisimama, akainua mikono juu ya kichwa, mmoja mbele, mwingine umepinda nyuma, kama pembe za Lokori zilivyokuwa. Ekuam akawa anakanyaga chini kwa mguu mmoja, kitandani alipoketi. Mara wimbo ukaisha.

"Umekwisha?" Baba akashangaa. "Ng'ombe mkubwa vile, wimbo mfupi hivi?"

Akauendeleza mwenyewe, kwa Kiturkana, na mikono hakuishusha.

Mjomba, Baba ameomba uje ukiweza, na uje mapema. Anasema mwenye kuleta gitaa naye aje asikie. Mama, mdogo wetu Akuam na Bibi wanakusalimu sana. Mungu akulinde njiani na akufikishe Ekuam akingali nasi.

Ukipiga simu kabla ya hapo, usimwite Ekuam. Baba aliitwa kwa jina la maksai wake, Apalokori, baba wa Lokori, maisha yake yote. Jumapili, mbele ya wazee, alisema jina hilo sasa ni la mwanawe, na ng'ombe ni wake. Basi mwite Apalokori. Hataitika, lakini nitakuwa nimeshika simu, nami nitakuambia akiinua mikono.

Mpwa wako akupendaye na kukungoja,

Akolong