Kitambulisho Kilichobaki Ndani ya Biblia

Kwa mpwa wangu Kemunto,

Hapa Ikonge tu wazima, na ng'ombe amezaa. Umeuliza, polisi akidai kitambulisho umjibu nini. Nikiwa kijana, changu kilibaki ndani ya Biblia tangu Sabato, nikasimamishwa sokoni Jumatatu.

"Afande, mimi najulikana mpaka Nairobi!"

"Basi niitie mmoja wa hapa."

Soko lote likainamia ndizi, kila mtu akiogopa kuulizwa chake. Nilikuwa nimeshapandishwa gari lao mama yako aliposimama nyuma ya ndizi alizokuwa akiuza. "Huyo ni kaka yangu. Ni mdomo tu, hana kosa."

Wakaniachilia wakicheka. Wewe uliza kosa lako kwa upole, lakini kitambulisho kibebe. Huko uliko, mama yako hauzi ndizi.

Mjomba wako, anayejulikana mpaka Nairobi.