Swali la Kubeba Nyumbani

Kwako Baba, uliyelala Kanyangi,

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha walimu hapa Kathonzweni. Shule ilifungwa jana na wanafunzi wameshaenda. Mlinzi amepita dirishani mara kadhaa, anashangaa mbona siendi nyumbani. Kuna jambo nimekwama nalo, na mtu ambaye ningemwuliza ni wewe. Najua hutajibu, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza, kwa hivyo nivumilie. Nitaandika Kiswahili, maana ulikuwa ukisema Kikamba ni cha kusemea na Kiswahili ni cha barua.

Nianze na mwanzo wa muhula. Mwalimu wetu mkuu aliniita ofisini, akanipa kiti, na nikajua hapo kuna neno, kwa sababu si kawaida yake kunipa kiti. Akanikumbusha kwamba mwisho wa muhula kidato cha pili wanachagua masomo ya kuendelea nayo. Hapa kwetu mtoto anachagua Historia au Jiografia, hawezi yote mawili. Mwaka uliopita waliochagua Historia walikuwa wachache hata darasa likaonekana kama mkutano ulioahirishwa. "Madam Mwende," akasema, "safari hii wasipofika kumi, Historia tunaiondoa. Wewe utabaki na Dini." Hakusema kwa ubaya. Ni mtu mwenye shida zake, na walimu hawamtoshi. Lakini mimi niliingia kazi hii kwa sababu ya Historia, na Historia niliipata kwako, kwenye dawati la mbele, nikikuita Mwalimu mchana na Baba jioni.

Basi nikaanza kuchunguza. Mbona hawa watoto hawashiki? Akili wanayo, Baba. Kijana ambaye hawezi kunipa sababu mbili za ukoloni atakueleza vizuri kabisa jinsi ugomvi wa mpaka wa shamba lao ulivyoanza, nani alisogeza mawe, nani alishuhudia na nani alijifanya hakuona. Si hiyo ni historia? Kwa nini akiingia darasani inamtoka?

Kwanza nikasema ni lugha. Kitabu ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, na mtoto anawaza Kikamba. Nikajaribu kuwaacha wajadili wanavyotaka, Kiswahili, Kikamba, hata Sheng ile wanayookota sokoni, halafu mwishoni tuandike Kiingereza pamoja. Kukachangamka kidogo. Kidogo tu.

Halafu nikaangalia ratiba. Hesabu na sayansi zimepewa asubuhi, wakati bongo bado ni mbichi. Historia imewekwa baada ya chakula cha mchana, kwenye darasa la mabati, na wewe unajua jua la Makueni. Mtoto ametoka kwao kabla ya kupambazuka, ameshiba maharagwe, bati linawaka juu ya kichwa chake, na mimi ndiye nasimama kumweleza mambo ya wafalme. Hata mimi ningelala. Nilimwomba mwalimu wa Hesabu tubadilishane kipindi cha Jumatatu. Akaniambia, "Madam, Historia ina haraka gani? Hao watu si walishakufa?" Nilimwandama wiki nzima, mpaka akachoka, akanipa.

Na kuna nyumbani. Mzazi mmoja aliniuliza mbele ya mwanawe, tena kwa heshima kabisa, "Mwalimu, hii Historia itampeleka wapi?" Nilijibu kirefu, yule baba akaitikia kwa kichwa, na nikaona hakuna lililoingia. Usiku huo nilijiuliza wewe ungemjibu nini. Nikakumbuka kwamba hukuwahi kuulizwa swali hilo. Kule Kanyangi wazazi walikuwa wakikusimamisha njiani kukuuliza Ijumaa hii umewapa watoto swali gani. Kwa nini wewe walikuuliza hivyo, na mimi naulizwa hivi?

Unakumbuka maswali yako ya Ijumaa. Ulikuwa ukifuta ubao wote, unaandika swali moja, unasema, "Hili ni la kubeba nyumbani. Mkaulize, mrudi na majibu mawili yasiyopatana." Jibu moja hukulitaka. Mtoto akileta moja ulimwambia arudi, hajauliza vya kutosha. Jumatatu darasa lilikuwa vurugu tupu. Huyu anasema nyanya yake alisema hivi, yule anasema babu yake alisema hapana, na wewe umeketi nyuma ya darasa umekunja mikono, unafurahi kama umepata mvua.

Sisi wa nyumbani ulitujaribia swali kabla ya darasa. Alhamisi moja tukiwa tunakula, ulituuliza, "Haya matuta ya mlimani, wakati wa mkoloni, ni nani aliyechimba, na ni nani aliyesimama na filimbi?" Mama akacheka. Akasema, "Na baba yako je, alichimba au alipiga filimbi?" Wewe ukasema, "Nipe chumvi." Chumvi ilikuwa mbele yako. Mama akaisogeza kidogo, mazungumzo yakahamia kwa mbuzi aliyepotea. Nilikuwa msichana mdogo, na nilichoshangaa ni kwamba chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Sasa, Ijumaa moja katikati ya muhula huu nikafuta ubao, nikaandika swali lako lile lile. Matuta yako kila mahali huku, na nusu ya watu wa hapa wazee wao walishuka kutoka milima kama ya Kilungu kutafuta mashamba. Nikasema, majibu mawili yasiyopatana. Jumatatu nikaingia asubuhi, kipindi changu kipya nilichopigania, nikauliza nani anaanza. Mmoja akasema babu alimwambia aache upelelezi. Mwingine aliambiwa akasome vitabu, serikali imeleta vitabu vya bure. Mwisho akasimama msichana anaitwa Mutheu, mpole, ambaye muhula mzima sauti yake nilikuwa nimeisikia wakati wa kuitikia jina tu. Akasema, "Madam, susu alisema nikuambie kitu, lakini si kizuri." Susu ni nyanya yake, ndiye anayemlea. Nikamwambia aseme. "Alisema, mwalimu wako akitaka habari zangu aje mwenyewe. Na asije mikono mitupu."

Darasa lilicheka mpaka wa chumba cha pili wakanyamaza kusikiliza. Mimi pia nilicheka, lakini kwa aibu. Nilijua yule mama mzee amesema kweli. Nilikuwa nimewatuma watoto wa watu kwa wazee kuchukua kitu, kama wanaotumwa kuchota maji mtoni, bila hata hodi. Mimi Mkamba, mwana wa Mkamba.

Jumamosi nikaenda dukani kununua sukari na majani chai. Mwenye duka anapima, nami ndipo nikakuona, Baba. Nikakuona na ule mfuko wako wa karatasi kwapani, ukizunguka vijiji vya Kanyangi kila Jumamosi. Mama alikuwa akikuita mwalimu wa chai. "Haya, mwalimu wa chai anaenda kazini," na wewe unacheka, unavaa kofia. Nilidhani unapenda tu kukaa na wazee. Hakuna aliyeniambia kwamba ulikuwa ukitangulia kwenda kuwabishia hodi. Unakunywa chai yao, unawaambia Ijumaa ijayo nitamtuma mtoto na swali, mkono mtupu haulambwi, shikeni hii sukari. Ndio maana walikuwa wakikungoja. Nimesomea ualimu miaka mingi, Baba, na hilo sikulisoma popote. Mbona hukuniambia? Au uliona ni jambo la kawaida sana, halisemwi?

Kwa kina Mutheu nilipokewa vizuri. Susu wake ni mfupi, macho makali, na anasuka kiondo huku anaongea, haangalii mikono. Alipokea sukari, akaipima kwa kiganja, akasema, "Sasa tunaweza kusalimiana." Akaniuliza mimi ni wa wapi, wa nani, ukoo gani. Nilipomwambia Kitui, Kanyangi, akasema yeye ni wa Kilungu, na kwamba watu wa Kitui wanaongea kama wanaimba. Nikamwambia na wa Kilungu wanaongea kama wanapanda mlima. Akacheka, akamwambia Mutheu aongeze maziwa.

Akanisimulia. Alizaliwa huko Kilungu, na akiwa mtoto alibeba mawe ya matuta pamoja na mama yake, siku ambazo kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu. Asubuhi filimbi inalia, na asiyetokea mbuzi wake anachukuliwa. "Niliichukia ile filimbi," akasema. "Hata leo mwalimu wa michezo akipuliza yake huko shuleni, nasimama kabla sijajua nimesimama." Kisha akavuta uzi, akasema, "Na yale matuta ndiyo yaliyotulisha. Mvua ilikuwa ikishuka na shamba lote. Baada ya matuta, shamba likabaki. Andika yote mawili." Majibu mawili yasiyopatana, Baba, na yametoka kinywa kimoja. Nikamtazama Mutheu. Alikuwa ameshika birika hewani, amesahau kumimina.

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kushukuru, na mama mzee akaweka kiondo chini kwa mara ya kwanza. "Na wewe, mwana wakwa," akasema, "babu yako huko Kitui alikuwa upande gani? Alichimba au alipiga filimbi?"

Najua vita vya Ulaya, najua mikataba, najua majina ya magavana kwa mpangilio. Sijui baba yako alifanya nini kwenye mlima wenu. Alikufa kabla sijazaliwa, na wewe ulinipa jina lake la ukoo na hadithi moja tu, ya jinsi alivyopenda asali. Nikasema, "Sijui, susu." Hakunicheka. Akasema, "Basi ukijua uje uniambie. Mimi nimekuambia za kwetu." Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nimekunywa chai yake.

Jumatatu iliyofuata Mutheu ndiye aliyefundisha, mimi nilikaa nyuma. Alisimulia filimbi, akasimulia mvua, na mwisho, bila aibu, akaliambia darasa kwamba mwalimu naye ameulizwa na hajajibu. Wiki zilizobaki nilizunguka kila Jumamosi na sukari yangu. Watoto wakaanza kurudi na majibu mawili, wengine matatu. Walibishana hata kwenye foleni ya chakula. Mwalimu wa Hesabu akaniomba nimrudishie kipindi chake, kwa sababu wanaingia kwake bado wanapigana juu ya machifu. Nikamwambia hao watu si walishakufa, wana haraka gani.

Sitakudanganya kuhusu mtihani. Alama zilipanda, lakini si za kushangaza. Kuna wanaojua jambo mpaka ndani na kalamu ikishikwa Kiingereza kinawakwama. Kuna wawili ambao bado wanalala, na nimegundua mmoja anachota maji alfajiri kabla ya kuja shuleni, na hilo, swali langu haliwezi kulitatua. Nilipomaliza kusahihisha niliketi na zile karatasi nikaogopa kweli. Niliona naweza kuwa nimefanya kila kitu vizuri na bado somo lipotee.

Siku ya kuchagua, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe. Akasema wa Jiografia wasimame upande wa mlango, wa Historia upande wa dirisha. Madawati yakakwaruzana. Nilitazama ubao kwa sababu sikuweza kuwatazama wao. Nilipogeuka, dirishani walikuwa wamebanana, na walikuwa wameshapita kumi. Mutheu alikuwa katikati yao. Mwalimu mkuu akamwona, akashangaa, maana ana alama nzuri zaidi za Jiografia kuliko za Historia. Akamwuliza, "Wewe Mutheu, hapo umefuata nini?"

Akasema, "Madam hajajibu swali la susu."

Wenzake wakaitikia, eeh, hajajibu. Mwalimu mkuu akanigeukia. "Swali gani hilo?" Nikamwambia nitalijibu muhula ukifunguliwa. Nimeahidi mbele ya darasa, Baba, na hawa si watoto wa kusahau.

Kesho naenda Kanyangi. Nimeshanunua sukari na majani chai kwa ajili ya shangazi, dada yako aliyebaki. Anajua. Nakumbuka kila ulipotajwa mlima alikuwa akiangalia pembeni. Nitabisha hodi, nitakaa, nitakunywa, halafu nitamwuliza. Akisema alichimba, nitawaambia darasa alichimba. Akisema alipiga filimbi, nitasimama mbele ya Mutheu niseme babu yangu alipiga filimbi, kisha nitatafuta jibu la pili, kama ulivyotufundisha. Wewe sikuhukumu, wala babu simhukumu. Nataka kujua tu. Na nataka kujua wewe ulibebaje swali hilo miaka yote ile, ukiwapa watoto wa wenzako, na lako ukalifunika kwa sahani.

Nikishatoka kwa shangazi nitapita kaburini kwako. Laiti ungekuwa mezani, ningekuuliza wewe kwanza. Ungesema, nipe chumvi. Nami ningekupa, Baba, halafu ningenyamaza na kungoja.

Nakuaga kwa leo, mlinzi anatikisa funguo.

Mimi binti yako, na mwanafunzi wako wa dawati la mbele,
Mwende