Kisima Kimeenda Ng'ambo

Sasa hivi Shukuru amenirudishia kikombe. Nilimpa maji, akakishika kwa mikono miwili kama kawaida yake, akachungulia ndani. Halafu akasema, "Haya siyataki. Nataka ya kwa mama mdogo, yale yanaonyesha chini." Mtoto wa miaka mitatu. Akakiweka kikombe juu ya mkeka taratibu, kama mtu mzima anayekataa chai kwa adabu, akaenda zake kufukuza kuku.

Na maji yenyewe nilikuwa nimeyachemsha. Nikayachuja kwa kitambaa, nikarudia tena. Lakini udongo wa mto wetu hauchujiki. Unabaki mle ndani, maji yanakuwa kama chai iliyotiwa maziwa kidogo.

Nimeona wivu.

Naandika hapa kwa sababu sina pa kuusema. Leo ni Jumapili, mwisho wa kiangazi, jua kali na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nimetoka kanisani, nimeimba, nimesema amina, na bado nina wivu. Tena si na jirani. Ni na mdogo wangu wa tumbo moja, Generoza, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe.

Generoza ameolewa Ng'ambo. Ndivyo tunavyokiita kile kijiji cha upande wa pili wa bonde, hata wenyewe wanajiita hivyo. Nikisimama hapa uani naona mabati ya shule yao. Tangu mwezi wa saba wana kisima cha pampu, cha halmashauri, chenye sakafu ya saruji na mfereji wa kupitishia maji yanayomwagika. Upepo ukija huku asubuhi nausikia mpini unalia, kwii, kwii. Kila ukilia najiuliza kama ni yeye anayechota.

Juzi juzi tuliambiwa mpini umelegea. Nilifurahi. Nilifurahi kweli kweli, nikasonga ugali huku naimba. Kesho yake fundi akatoka Kasulu na pikipiki yake, akaukaza, na mimi nikakosa hamu ya kula. Ndivyo nilivyo siku hizi. Sijipendi.

Kinachoniuma ni kwamba kisima kile kilikuwa chetu.

Mvua za mwaka huu zilipokuwa bado zinanyesha, diwani wetu alikuja akasema fungu la maji la halmashauri linatosha kisima kimoja tu kwa kata yetu. Vijiji vilivyoomba ni viwili, sisi na Ng'ambo. Kwa hiyo bwana maji wa wilaya atatoka Kibondo aje ajionee mwenyewe nani ana shida zaidi. Sisi tukashangilia. Nani asiyejua shida yetu? Mto wetu wakati wa mvua ni uji wa ulezi.

Lakini mgeni anakuja. Na mgeni akija, mama mkwe wangu ndiye anayesimamia wanawake wa kijiji hiki, na hakuna anayembishia. Alituita akasema, "Mtu wa serikali hapewi matope. Akiondoka hapa akaenda kusema kwa Waha hawa nimenyweshwa tope, mtaficha wapi nyuso zenu? Tutasemwa mpaka Kasulu."

Basi jogoo la kwanza tukaondoka na ndoo, tukaenda kambini kwa wakimbizi kuomba maji. Kule yapo mabomba, yanatoa maji meupe, safi. Tulipofika foleni ilikuwa imeshajipanga. Nikamwona mama mmoja wa rika langu, mtoto mgongoni, ananawa uso kwa maji mengi, anayaacha yanakwenda tu chini. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Dada, nyinyi mmebahatika."

Akanitazama. Kirundi chao na Kiha chetu ni ndugu, tunaelewana. Akasema, "Tubadilishane basi. Chukua bomba, mimi nipe kwenu."

Nikaona haya. Yeye akasogeza ndoo yake, akatupisha tukachota kabla yake. Nimemkumbuka mara nyingi yule mama. Lakini nisidanganye, nilipokuwa narudi na ndoo kichwani bado nilikuwa nalifikiria lile bomba.

Bwana maji akaja. Tulimpokea vizuri mno. Viti vya kanisani, glasi ya mwalimu, kitambaa cha kufuma juu ya jagi. Mama mkwe akanituma mimi. Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya salamu, "Mwakeye," nikampa glasi. Akanywa yote. Akaomba nyingine. Akasema, "Maji matamu haya. Ni ya hapa hapa?"

Utamwambiaje mgeni mbele ya watu kwamba kinywaji ulichompa ni cha kuomba? Kwetu huku huo ni uchi. Mwenyekiti wetu wa kijiji akapiga makofi taratibu, akasema, "Ya hapa hapa, mheshimiwa. Karibu tena."

Akataka kwenda kuuona mto. Wazee wakamzuia kwa huruma. "Njia inateleza, mheshimiwa. Utaharibu viatu." Akacheka, akakaa, tukamletea kuku.

Mchana akavuka kwenda Ng'ambo. Huko hakuna aliyejiandaa, wote walikuwa shambani wanapalilia maharage. Aliyekutwa nyumbani ni Generoza, jino lilikuwa linamuuma. Bwana maji akaomba maji, mdogo wangu akachota kwenye mtungi akampa vile vile yalivyo, kwenye kikombe cha bati. Akatazama ndani, akarudisha. Akataka apelekwe mtoni. Akapelekwa. Generoza akinisimulia hucheka mpaka anashika ukuta: "Dada, alianguka kwa makalio, puu! Miguu juu! Akainuka ana tope mpaka mgongoni, akasema hawa watu wanateseka."

Sisi tulimwokoa asianguke.

Wamepata kisima kwa jino la mdogo wangu na kwa kutotandika kitambaa. Sisi tumepata sifa ya ukarimu.

Tangu siku ile tumeishi kwa tumaini la kisima cha pili. Diwani alisema tusikate tamaa, hesabu za halmashauri bado zinapangwa. Jana ndiyo akaja na majibu. Mkutano ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji, watu wakajaa mpaka barabarani. Akasema mwaka huu hakuna. Akasema malori ya mizigo ya kambini yamechimba barabara, fedha zimeingia kwenye barabara. Akasema kodi ya maendeleo haikukusanywa vizuri. Mwakani, bajeti ikiruhusu.

Mama Daudi, jirani yangu, ambaye hajui kunong'ona, akasema, "Mheshimiwa, huyo Bajeti ni mkwe wa nani? Maana kila siku yeye ndiye asiyeruhusu." Watu wakaangua kicheko. Diwani naye akacheka, maskini, si mtu mbaya.

Baba Shukuru wangu akasimama. Huwa hasimami. Akasema, "Mgambo wakija kunitoza kodi nimejificha kwenye mihogo, hawaniambii bajeti ikiruhusu. Wananitoa."

"Ni kweli, ndugu yangu," diwani akasema. "Lakini niwaambie ukweli na mimi. Kwenye taarifa ya wilaya, kijiji hiki kinahesabiwa kina maji safi. Nimebishana kikaoni mpaka sauti ikakauka. Wananiuliza, bwana maji alikunywa nini?"

Hapo hakuna aliyecheka. Na wakati anasema hivyo, alikuwa ameshika glasi ya maji meupe. Wanawake walikuwa wameyaomba Ng'ambo alfajiri ile ile, kwa amri ya mama mkwe.

Macho yote yakamgeukia yeye. Nilidhani atainamisha kichwa. Mama mkwe wangu akakaza kanga kiunoni, akasema, "Na mgeni mwingine akija atapewa safi. Mnataka nife nimewapa watu tope?"

Jioni nilimkuta jikoni peke yake, hajawasha moto. Nikataka kumkasirikia, nikashindwa. Akaniuliza, "Shukuru amekula?" Nikamjibu amekula. Akasema, "Mpe uji mzito. Tumbo likiwa tupu ndipo hayo maji yanamtesa." Basi. Hayo ndiyo majuto yake, nikayapokea.

Maana shida yenyewe ni Shukuru. Mwaka huu ameharisha sana. Anapona, anacheza wiki chache, anaanza tena. Muuguzi wa zahanati ananiambia chemsha maji, mama, chemsha. Nachemsha. Lakini kuni sasa tunazifuata mbali, vilima vyote vya huku vimebaki vipara, na mtoto hasubiri maji yachemke. Akiona mtungi wa jirani anachovya mkono. Mara ya mwisho macho yake yalizama, akawa analia bila machozi. Nilimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko mpaka mkono ukafa ganzi. Siku hiyo nilimwahidi Mungu mambo mengi.

Halafu mwezi uliopita nikaugua malaria, Generoza akaja kumchukua, akakaa naye mpaka nilipopata nguvu. Mtoto aliporudi alikuwa na mashavu. Mashavu! Nguo yake nyeupe, ile niliyodhani imeshakuwa ya rangi ya udongo, imerudi kuwa nyeupe. Nywele zimeoshwa. Nilimpokea, nikamnusa, ananukia sabuni ya mwenzangu. Nikamshukuru mdogo wangu kwa maneno matamu, na moyoni nilitaka kumvua mtoto ile nguo niiviringishe kwenye vumbi.

Jana, mkutano ulipoisha, alinijia pembeni. Akasema polepole, hataki nisikie vibaya, "Dada, niachie Shukuru akae kwangu. Hata ukitaka kila Jumapili nimlete. Huko hataharisha." Nikamwambia nitafikiri. Leo anakuja kusikia jibu. Nilimuuliza Baba Shukuru usiku, naye akasema, "Wewe ndiye unayeamka naye anapougua. Utakalosema, nalikubali."

Ni afadhali angekataa. Ningelaumu mtu.

Niseme lote. Generoza ana miaka miwili kwa mume wake na hajapata mtoto. Watu wameanza kumtazama tumbo kabla ya uso. Yeye alizaliwa mzuri kunizidi. Mume wake ana baiskeli. Sasa ana maji, anachota mara mbili kwa siku na bado anapata muda wa kukaa kivulini akasukwa nywele, wakati mimi nusu ya siku yangu iko njia ya mtoni. Kitu changu kilichokuwa kinanifanya nikutane naye sokoni nikiwa nimeinua kichwa kilikuwa kimoja tu, na hicho ndicho anachokiomba.

Najua hakiombi kwa ubaya. Najua akimshika Shukuru hataki kumweka chini. Ningekuwa simpendi ingekuwa rahisi.

Nimewaza tangu usiku. Nimewaza kuhamia kwake mimi na mtoto, lakini shamba? Na mama mkwe? Nimewaza kwenda Ng'ambo kila siku kuchota, lakini kamati yao inawapa wageni ndoo moja tu, na kwa zamu ya mwisho, na sisi ni wageni. Nimewaza kukataa. Nikakataa kichwani mara nyingi, nikajiona nimeshinda, nikalala. Nikiamka naona yale macho yaliyozama.

Halafu leo kikombe kimerudishwa.

Kwa hiyo ataenda. Nimeandika, sasa siwezi kufuta. Atalala kwa watu wenye maji, ataota meno yake ya nyuma huko. Na akiniuliza atarudi lini nitamjibu nini? Bajeti ikiruhusu? Mtoto hawezi kuelewa neno hilo. Mimi niliyemaliza darasa la saba sijalielewa.

Lakini nisikae na kulia tu. Mama Daudi anasema halmashauri ikikaa tena, wanawake twende wenyewe Kibondo, tusimame mlangoni pao na mtungi wetu uliojaa. Anasema nisemee mimi, kwa kuwa Kiswahili changu hakijikwai sana. Nimekubali. Naogopa, lakini nimekubali. Sitamwomba mtu glasi wala kitambaa. Nitasema mwanangu anaishi kwa watu kwa sababu tulikuwa na adabu. Watacheka au hawatacheka, watakuwa wamesikia.

Naona watu wanashuka upande ule wa bonde. Mmoja amevaa kitenge cha njano. Ni yeye, anatembea haraka.

Nimeshafunga nguo zake, mbili na sweta. Sitamwonyesha Generoza machozi. Nitamwambia amlaze mtoto upande wa ukutani, maana anaanguka kitandani. Nitamwambia akiogopa radi asimcheke, amkumbatie tu. Wivu wangu naubakiza hapa hapa nyumbani, asiuone.

Ila kuna jambo moja nitakalomwomba, na hili nitapiga magoti. Kwetu mama mdogo ni mama, mtoto ana haki ya kumwita hivyo, siwezi kuzuia. Nilimsikia jana anaanza. Basi akimwita mama, amwitikie. Amwitikie vizuri, sitachukia. Lakini akishamwitikia, amgeuze uso upande huu wa bonde, amwonyeshe kwa kidole bati la nyumba yetu, amwambie kwamba yule aliyeko kule

Wananiita. "Dada! Dada, uko wapi, tumefika!" Na Shukuru amekwishakimbia, namsikia anacheka mikononi mwa mdogo wangu, anasema ma