Uji wa Mama Mkwe

Likombe, Jumatano

Basi tumekamatwa. Tangu nijifungue, mama mkwe ananipikia uji wa pilipili manga kila asubuhi, mkali mpaka masikio yanawasha. Mimi siuwezi. Akitoka tu chumbani, mume wangu Hashimu anaunywa, nami narudisha bakuli tupu kwa adabu zote.

Leo Mama karudi ghafla kuchukua khanga yake. Kamkuta mwanawe bakuli limemfunika uso, jasho linamtiririka.

"Ndiyo maana! Nashangaa mzazi anakonda, kumbe anayenenepa ni baba!"

Nikacheka. Sijacheka hivyo tangu mtoto azaliwe. Halafu kicheko kikageuka kilio, na hakikutaka kukoma.

Ikabidi niseme. Kwamba huwa nalia bafuni. Kwamba nikimpakata mtoto naona kama nimeachiwa wa jirani, na mama yake haji kumchukua.

Nilidhani Mama atanishangaa. Akakaa kitandani, akaanza kunikanda miguu.

"Hata mimi, mwanangu. Huyu mla uji nilianza kumpenda alipoota meno. Kabla ya hapo nilikuwa namhurumia tu."

Hashimu kanuna, bakuli bado mkononi.

"Kesho twende wote kliniki," Mama akaniambia, "ukamweleze nesi hivyohivyo. Na uji utaunywa mbele yangu."

Uji tena! Haya.

Mtoto kapiga miayo sasa hivi, nikamchungulia mdomoni. Kibogoyo kabisa.

Kumbe bado nina muda.