Fimbo ya Zuhura Yenye Mkanda

Mume wangu Shomari,

Marahaba, mjukuu wangu. Huku sote wazima. Dada yako kapata nafasi chuoni Mzumbe, na kabichi mwaka huu zimekubali.

Unaniuliza kama nazijua hizo fimbo mnazoshika mkiteleza kwenye theluji. Nilishazichukia kabla hujazaliwa! Mitumba ilipoanza kufurika sokoni Morogoro, babu yako alinunua moja, inang'aa, ina mkanda wa kuvaa mkononi. Akampa mke mwenzangu, Zuhura. Mimi nikabaki na gongo langu la mti. Zuhura akawa anashuka nayo mlimani, mkanda kauvaa kama bangili, kikapu cha mboga kichwani, shingo juu. Roho iliniuma!

Siku moja ya mvua tukateleza sote wawili. Mimi nikatupa gongo, nikashika majani. Yeye mkanda uliing'ang'aniza fimbo kiganjani, akaiangukia, kidole gumba kikapinda nyuma. Kwa hiyo wewe usiuvae huo mkanda. Ukianguka, fimbo iende zake.

Nikadhani sasa babu yako, aliyekuwa mbele yetu, ataichukia ile fimbo. Wapi! Alimbeba Zuhura mgongoni mpaka mjini, nami nyuma na vikapu viwili. Kidole kilipona zamani. Mimi nikiukumbuka ule mgongo, silali.

Mama yako ananiambia kuna binti unateleza naye huko. Akianguka, mpe mkono tu. Mgongo ni wangu.

Bibi yako,
Mwanaidi