Ua la Kwao Mama

Jumatatu, 5 Mei
Nimemwogesha Mama, nimemnywesha uji. Kaacha nusu. Anatazama ziwa kama halioni. Miaka yote hii Liuli, na bado akisema nyumbani ana maana ya Mbuji. Leo tena kaulizia lile ua lao la njano, mfano wa alizeti dogo. Limechanua? Bwana misitu alishatuambia: liko kwenye vilima vile tu, kwingine hakuna. Mwaka jana nilipanda mbegu zake hapa uani. Hazikuota.

Alhamisi, 8 Mei
Mbuji. Nimekuja kumchumia. Mjomba Kosmas, kaka yake Mama, kanipeleka mlimani. Mteremko wote umepandwa mikaratusi. Nimelia kwa hasira. Juu kabisa, penye mwamba usiolimika, tukayakuta maua. Machache mno. Nikanyoosha mkono. Mjomba akanizuia.
"Ukiyachuma haya, mwakani atakuja kuona nini?"
Mama hana mwakani. Nilitaka kumjibu hivyo. Nimeshuka mikono mitupu.

Ijumaa, 9 Mei
Narudi Liuli. Ua halibebeki. Mama anabebeka.

Jumanne, 13 Mei
Tumempandisha. Gari la kukodi hadi kwa Mjomba, kisha machela ya mianzi, wanaume wa ukoo wakipokezana mabegani. Kila alipokohoa nikaona nimemuua. Juu tukamketisha. Akagusa majani kwanza, akanusa vidole. Ndipo akagusa ua. Akamwambia Mjomba kitu kwa Kimatengo, haraka haraka, wakacheka mpaka wakashikana. Sikuelewa. Mimi nimekulia Kinyasa cha Baba. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Nimeona wivu. Ndiyo, wivu.

Alhamisi, 15 Mei
Mama kagoma kurudi ziwani.
"Nenda, mwanangu. Mimi nimefika."
Nimembembeleza. Nimefoka. Nani atamgeuza kitandani, nani anajua dawa zake? Mke wa Mjomba akanishika mkono, akanitoa nje. "Niandikie hizo dawa. Nitampa."
Nimeandika. Nimeondoka bila kugeuka nyuma, nisije nikarudi.

Jumapili, 18 Mei
Liuli. Kanisani wameniuliza habari za Mama. Nimesema anakula. Ni kweli, Mjomba kapiga simu, jana alimaliza bakuli.
Mchana nimefua mashuka yake, nimeyaanika. Yamekauka upesi, yananuka sabuni tu. Nimejuta.
Imebaki kanga yake moja. Hiyo sitaifua.