Kamba Yako Imefunguka

Jumanne, 6 Oktoba 1953

Nimenyunyizia majani maji kabla ya kwenda shule. Ukukwi wangu, nyoka wawili wa kichakani, hawanywi kwenye kibakuli. Wanataka matone. Jike alishuka kunywa. Dume alibaki juu ya tawi. Jana walikula chura mmoja mmoja. Leo hakuna chakula. Wakila kila siku wanakuwa wazito.

Sanduku lao ni la mbao za wazungu wa mradi wa karanga, ambao walituachia masanduku mengi kuliko karanga. Jirani yetu Fundi Saidi, seremala, alilipasua akaliunda upya: wavu mbele, mlango juu, na kijiti cha kuzuia mlango. Liko kwenye banda la kuku lisilo na kuku. Shangazi, ninayekaa kwake nisome, aliniruhusu kwa sharti moja. Wakitoka mara moja tu, wanaondoka. Hataji jina lao. Husema "wale wako".

Ni wa kijani, wembamba kama kidole, na hawana sumu. Nimeeleza mara nyingi. Watu hawasikilizi sentensi mpaka mwisho. Wanaishia kwenye neno nyoka.

Sikuwakamata kwa mchezo. Mwezi wa nane, nikiwa likizo, baba alifyeka kichaka cha kijitoni kwetu Malolo ili apate shamba la ufuta. Nilikulia kwenye kichaka kile. Hawa wawili niliwatoa kwenye lundo la matawi asubuhi ile ile lilipotiwa moto. Nikawaleta Nachingwea ndani ya tenga, juu nimefunga kanga ya mama.

Nikiwatazama naona kijito.

Ijumaa, 16 Oktoba 1953

Wamepandana. Nilidhani wanapigana, nikakaribia kuwatenganisha. Kisha nikaelewa, nikaona haya, nikageuka nikautazama ukuta.

Binamu yangu Somoe, binti wa Shangazi, alinikuta hivyo.

"Umepewa adhabu na nani, Bakari?"

Ana miaka kumi na minne, mmoja chini yangu, na ulimi wake ni wa mtu mzima. Alichungulia sandukuni akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe kuna harusi! Na mimi sikualikwa!"

Nimemhamishia dume kwenye kisanduku chake. Mwalimu wetu wa sayansi alisema jike aachwe peke yake, apumzike. Mwalimu ameniazima kitabu cha Kiingereza cha wanyama watambaao. Nakisoma na kamusi. Ukurasa mmoja, jioni nzima. Yeye mwenyewe hawapendi nyoka, ameniambia wazi. Lakini alisema mnyama uliyemfungia ni mgeni wako, na mgeni hakuombi chakula. Ni juu yako kujua.

Jumatano, 11 Novemba 1953

Jike hali tena. Ubavuni ana mavimbe, yamepangana. Namnyunyizia maji mara tatu kwa siku. Simgusi.

Fundi Saidi amenipa unga wa mbao. Nimeulowesha, nikaukamua mpaka usitoe tone, nikaujaza kwenye chungu kilichovunjika mdomo. Fundi aliniuliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa kutagia. Akasema, "Mke wangu alijifungulia kwenye mkeka, nyoka wako anataka godoro." Lakini alinijazia mfuko mwingine.

Mvua ya kwanza leo. Harufu ya vumbi. Kwetu siku kama hii ukukwi walitoka wakajinyoosha kwenye matete, na mimi na mama tulikuwa tukipita na ndoo. Mama alisimama kila mara. Hakuwapenda. Alisimama tu, akasubiri wapite, kama unavyompisha mtu mzima njiani. Sijamwona mama tangu mwezi wa nane. Si muda mrefu. Mimi nauona mrefu.

Jumapili, 29 Novemba 1953

Mayai saba!

Meupe, marefu, laini kama ngozi. Ameyaacha chunguni, akarudi kwenye tawi lake. Hayaangalii tena. Kitabu kilisema hivyo, lakini nimeumia kidogo.

Mayai ya nyoka hayageuzwi. Ya kuku hugeuzwa, haya yakigeuzwa mtoto hufa ndani. Nimeweka alama ya penseli juu ya kila yai ili nijue upande wake. Chungu kimefunikwa kitambaa, kiko chini ya kitanda changu. Siku sitini, labda sabini.

Kichaka kimeungua. Lakini saba wapo. Yakianguliwa, nitawarudisha kijitoni, kama pana mti uliobaki. Hilo tu ndilo ninalolitaka mwaka huu, kuliko hata kufaulu.

Jumamosi, 5 Desemba 1953

Lazima niandike.

Mchana nilimwekea jike chura. Alikula, mara ya kwanza tangu atage. Nilifurahi, nikakimbia ndani kutazama mayai. Mlango wa sanduku niliufunga. Kijiti sikukirudisha. Nimekikuta mfukoni mwangu.

Jua lilipokuwa linazama nilikuwa barazani kwa jirani nasoma. Somoe akaja anahema.

"Mama anasema kamba yako imefunguka."

Akageuka akakimbia.

Kila jioni kazi yangu ni kumfunga mbuzi. Nikaenda nyuma ya nyumba. Mbuzi yupo, kamba imekaza. Nikaikaza tena. Nikafunga fundo la pili. Nikamshangaa Shangazi, nikacheka peke yangu. Nilikuwa bado nimeishika ile kamba niliposikia kelele upande wa mbele.

Fundi Saidi alikuwa amesimama uani na panga. Jike alikuwa amekatika mara mbili. Mkia ulikuwa bado unacheza.

Jua likizama nyoka hatajwi jina. Ukimtaja, umemwita. Unasema kamba. Kila mtu anajua. Mimi najua. Mama alinifundisha kabla sijajua kuhesabu. "Angalia kamba njiani, mwanangu." Na leo nimeambiwa kamba, nikaenda kwa mbuzi.

Fundi alinitazama, akalitupa panga. Alisema, "Mwanangu, ndani ya sanduku ni mali yako. Nje ya sanduku ni nyoka. Nilifanya nini mimi?"

Sanduku alilitengeneza yeye. Kijiti nilikiacha mimi.

Jumapili, 6 Desemba 1953

Nimemzika nyuma ya banda.

Somoe hajasema neno la mzaha tangu jana. Asubuhi alikuja mlangoni. "Nilikuambia, Bakari. Nilikuambia vizuri." Akalia. Ni kweli aliniambia vizuri.

Shangazi hakupandisha sauti. Shule ikifungwa ninarudi Malolo na dume na mayai yote. Mimi nitapokelewa tena Januari. Wao hapana. Sharti ni sharti.

Nina hasira na nafsi yangu. Nimekaa hapa miaka mitatu nikijifunza majina ya vitu, mpaka nimesahau vitu tusivyovitaja.

Jumatatu, 14 Desemba 1953

Nimefika nyumbani. Nimechoka, lakini chungu hakikuinama.

Nilikipakata kwenye lori mpaka Ruangwa. Dume alikuwa kwenye tenga miguuni. Barabara mbovu. Kila shimo niliinua chungu kwa mikono miwili. Mzee mmoja aliyekuwa na magunia aliniangalia sana, mwishowe akauliza nimebeba nini.

"Mayai."

"Ya kuku?"

Niliona haya. "Ya kamba, babu."

Akatazama juu. "Jua lote hili? Sema nyoka, kijana, utaogopwa mapema."

Lori zima likacheka. Kisha wakaelewa kuwa sifanyi mzaha, wakasogea. Nikapata nafasi ya watu watatu. Chungu kikakaa sawa mpaka Ruangwa. Kutoka hapo nilitembea.

Mama alikipokea chungu kwa mikono miwili kabla hajaniuliza kina nini. Alipojua hakukitupa. Alikiweka pembeni ya ghala, kivulini, akanawa mikono mara mbili.

Jumamosi, 19 Desemba 1953

Nilikwenda kijitoni. Sikupatambua. Udongo umegeuzwa kote, unasubiri ufuta. Nilipokuwa mdogo usingeliona jua pale. Nilitafuta jiwe nililokuwa nakalia nikisikiliza majani. Lipo, katikati ya shamba, liko uchi.

Ukingoni pamebaki kipande cha matete na miti mitano. Baba alikuwa amekusudia kukimaliza wiki hii. Nilizunguka siku nne nikitafuta maneno ya kumwambia. Jana nilimwambia mama badala yake. Leo asubuhi baba alipita na jembe lake, akaanza kulima upande mwingine. Alisema tu, "Ukingo ukilimwa maji yanakula shamba." Hakunitazama.

Nikamfungulia dume pale. Alikaa kiganjani kidogo, kisha akapanda. Mara moja sikumwona tena. Kijani juu ya kijani.

Jumatano, 13 Januari 1954

Kesho naondoka. Mayai hayajaanguliwa. Mawili yamebonyea, yameota ukungu. Nimeyatoa. Matano ni mazima.

Nimemwonyesha mama kila kitu. Unga uwe na unyevu, usilowe. Alama ya penseli ibaki juu. Yakianza kupasuka, achukue chungu chote, akiweke chini ya mti wa kwanza ukingoni, aondoke. Asiwasaidie.

"Na kama wakinitazama?"

"Wapishe, mama."

Akacheka. Sijui kama ataweza. Kusema kweli naogopa. Nimeacha kitu ninachokipenda kwa mtu anayekiogopa.

Alhamisi, 18 Februari 1954

Mvua nzito. Nimetoka shule nimelowa. Sanduku limerudi kwa Fundi Saidi. Anataka kulifanya kiota cha kuku. Sasa namsalimia bila kutazama chini.

Mchuuzi aliyekuja sokoni kutoka Ruangwa ameniletea barua ya mama. Mama hajui kuandika. Huandikiwa na mwalimu wa chuo nilikosoma Kurani, kwa herufi zile zile za Kiarabu alizonifundisha. Nazisoma polepole siku hizi. Nilikaa ukumbini nikasoma, Somoe amesimama mlangoni.

Salamu za baba. Ufuta umeota. Mbuzi mmoja amekufa. Kisha mstari mmoja, mwisho kabisa, kabla ya wasalamu:

*Kamba zako tano zimefunguka, zimekwenda mtini.*

Kwa hiyo barua iliandikwa baada ya jua kuzama. Namwona mama amekaa karibu na taa, anashusha sauti.

Somoe akauliza, "Anasemaje?"

Nikamwambia. Akaingia ndani kumwambia Shangazi.

Mimi nikabaki nimekaa. Safari hii sikwenda kumtazama mbuzi.